Kubanwa na misuli ukiwa umebakiza kilomita 20: ni chumvi, ni maji au ni mwendo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 44, naishi Dar es Salaam, na kila Jumamosi naendesha baiskeli ya mbio. Mwezi wa saba tulikwenda Bagamoyo na kurudi tukiwa kundi, kama kilomita 120 tukianzia Mwenge, saa tano hivi barabarani. Kwenda tulipepea. Wakati wa kurudi, tulipofika Bunju, shavu la mguu wa kulia lilikaza kama jiwe nikalazimika kushuka. Nilipopanda tena likakaza, na safari hii ikafuata misuli ya nyuma ya paja. Nilikuwa nimekunywa lita tatu za maji, nimekula ndizi nne na kunywa dafu. Wiki moja kabla fundi alinipandishia siti. Januari nilipita njia hiyohiyo peke yangu, jua kali, sikupata shida yoyote. Wenzangu wanasema ni upungufu wa chumvi, mwingine kaniambia nimeze kwinini au vidonge vya magnesiamu. Mwezi wa kumi nataka kwenda Morogoro. Nifanye nini? Labda niongeze kuwa natumia kidonge kimoja cha presha kila asubuhi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wengi huniandikia mstari mmoja tu, "nabanwa na misuli, nitumie dawa gani?" Wewe umetaja safari ya Januari, siti, kundi na kidonge, na karibu jibu lote limo humo.

Tuanze na Januari. Kama maji na chumvi ndivyo vingekuwa chanzo, ungebanwa Januari. Dar mwezi huo ni joto na unyevu, jasho linatiririka hata ukiwa umesimama kituoni. Mwezi wa saba ni wakati wa baridi yetu, kama tunaweza kuiita baridi. Njia ni ileile na miguu ni ileile, jasho pungufu, na ndipo ulipobanwa. Kwa hiyo tutafute kilichobadilika, na naona vitu vitatu: mwendo, upepo na siti.

Upepo wenyewe ni kusi. Bagamoyo iko kaskazini-magharibi ya Dar, kwa hiyo mwezi wa saba unapokwenda unasukumwa mgongoni, na unapogeuza unapigwa usoni njia nzima. Kundi linalosukumwa na kusi huwa na raha ya ajabu. Kila mtu anajiona bingwa, spidi inapanda, anayetangulia hataki kupitwa, na hakuna anayekumbuka kuwa njia ya kurudi ndiyo yenye gharama. Ulifika Bagamoyo ukiwa umeshatumia miguu yako kwa kasi ambayo hukuizoea peke yako, halafu ukaanza kupambana na upepo, bila shaka kwa gia nzito ili usiachwe. Bunju ikawa mahali pa kulipia.

Sasa nieleze kinachotokea ndani ya mguu, maana ukikielewa utajua mwenyewe ushauri upi uuache. Msuli unakaza kwa amri inayotoka kwenye uti wa mgongo. Amri hiyo hurekebishwa muda wote na taarifa mbili zinazorudi kutoka mguuni. Moja inatoka katikati ya msuli, kwenye vihisio vinavyopima unavyovutika, na yenyewe huchochea msuli ukaze. Nyingine inatoka kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa. Inapima mvuto na kazi yake ni kuutuliza. Msuli ukiwa bado na nguvu, taarifa hizi husawazishana bila wewe kuhisi chochote. Msuli ukichoka, ya kuchochea hupanda na ya kutuliza hufifia. Ukifika kiwango fulani, amri ya kukaza haizimiki tena, hata ukitaka.

Hatari huongezeka msuli unapofanya kazi ukiwa umefupishwa, kwa sababu kano likiwa limelegea halina mvuto wa kupima, na ile taarifa ya kutuliza inakosekana kabisa. Misuli inayopita juu ya viungo viwili ndiyo inayoingia kwenye mtego huu kirahisi. Shavu la mguu linapita goti na kifundo. Misuli ya nyuma ya paja inapita nyonga na goti. Ni ileile uliyoitaja.

Maelezo haya yaliwekwa pamoja mwaka 1997 na Martin Schwellnus na wenzake huko Afrika Kusini. Baadaye waliwafuatilia wanamichezo 210 wa Ironman, wale wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia siku moja, na matokeo yakachapishwa 2011. Waliobanwa na wasiobanwa hawakutofautiana kwa upungufu wa maji wala kwa sodiamu ya damu kiasi cha kueleza tatizo. Tofauti ilikuwa kwamba waliobanwa walikwenda kwa kasi zaidi, na wengi walikuwa na historia ya kubanwa kabla.

Hata bila utafiti, fikiria jambo moja. Damu inazunguka mwili mzima. Chumvi ikipungua kwenye damu inapungua kwa mikono, taya, tumbo na mguu wa kushoto vilevile. Mbona likakaza shavu la mguu wa kulia peke yake? Na mbona ukiuvuta wayo kuelekea kwako linalegea baada ya muda mfupi? Kuvuta hakuongezi hata chembe ya chumvi mwilini. Kunaamsha taarifa ya kwenye kano.

Wenzako hawakuzua hadithi ya chumvi, ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakifanya kazi mashimoni kwenye joto kali zamu nzima, wakitokwa na jasho lita kwa lita na kunywa maji matupu. Walibanwa vibaya, na mwaka 1923 ilichapishwa taarifa kwamba kuwatilia chumvi kwenye maji kuliwasaidia. Sina ubishi na hilo. Mtu akipoteza chumvi nyingi kwa saa nyingi na kurudisha maji peke yake, mwili utalalamika, na misuli inaweza kukaza huku na huku, si sehemu moja tu. Kosa lilikuja pale kila aliyebanwa, hata kwa safari ya asubuhi moja, alipoambiwa ana tatizo la mchimba makaa.

Kwa hiyo chumvi ina nafasi yake, lakini ya pembeni. Lita moja ya jasho la mtu wa kawaida hubeba karibu miligramu 1,000 za sodiamu, wengine chini ya hapo sana na wengine zaidi. Ukimaliza safari ukaona jezi nyeusi imechora ramani nyeupe, na jasho likiingia machoni linawasha kuliko kwa wenzako, basi uko upande wa wanaopoteza nyingi. Potasiamu kwenye jasho ni kidogo, kwa kawaida haifiki miligramu 400 kwa lita. Dafu nalo limejaa potasiamu na sodiamu yake ni kidogo. Kulinywa ili kufidia jasho ni sawa na kudaiwa na muuza mkaa ukaenda kumlipa muuza maziwa. Linywe kwa utamu wake. Ndizi vivyo hivyo: potasiamu ya ndizi haifiki kwenye damu kwa haraka na kwa kiasi cha kuokoa mguu uliokwisha kukaza. Ndizi ni chakula, na chakula ndicho nakitaka.

Maana hapo ndipo nilipoona upungufu wako wa kweli. Ndizi nne za kawaida ni kama gramu 110 za wanga. Gawa kwa saa tano, ongeza dafu, hufiki hata gramu 30 kwa saa. Mwendesha baiskeli wa masafa anahitaji gramu 30 hadi 60 kila saa, na anayekwenda kwa nguvu saa nyingi anaweza kupanda zaidi akilizoesha tumbo. Akiba ya wanga kwenye misuli ikikaribia kuisha, msuli unachoka mapema, na umeshaona msuli uliochoka unafanya nini. Ndizi moja kubwa au tende tano ndogo ni takriban gramu 30. Chapati, mkate wenye asali, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi, kashata, vyote vinafaa. Anza kula dakika 40 za kwanza, kabla hujahisi njaa, na uendelee kila nusu saa. Anayesubiri kula mpaka afike Bagamoyo huwa ameshachelewa.

Maji ulikunywa ya kutosha. Lita tatu kwa saa tano ni kama mililita 600 kwa saa, na watu wengi huhitaji kati ya mililita 400 na 800. Ukitaka kipimo chako mwenyewe, jipime uzito kabla ya kutoka na ukirudi, ukiwa na nguo chache, kavu, mwilini. Kila kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ambayo hukuirudisha. Kupungua kilo moja au mbili kwenye safari ndefu hakuna neno. Kuongezeka ndiko kunakonitisha. Mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza marathon ya Boston, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi, hasa wale waliokunywa mpaka uzito ukapanda. Hali hiyo inaweza kuvimbisha ubongo na kuua. Kwa hiyo usije ukasikia nimesema misuli, ukaanza kubugia maji ili kuizuia.

Kwa safari inayozidi saa tatu, chupa moja iwe na maji matupu na nyingine iwe na kinywaji cha kutengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vinne au vitano vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Pakiti ya ORS ya duka la dawa inafaa pia kama dharura siku ya joto, ikichanganywa kwenye lita moja kamili kama ilivyoandikwa. Ina sodiamu nyingi kuliko unayohitaji kwa kawaida na sukari ndogo, kwa hiyo haiwezi kuwa chakula chako cha njiani. Ila kuhusu chumvi, ngoja kwanza usome nilichoandika mwisho juu ya kidonge chako.

Siti sasa. Fundi anayejua kunyoosha rimu si lazima alijue goti lako. Siti ikiwa juu mno, wayo hauufikii mzunguko wa chini wa pedeli mpaka uchongoe vidole kuelekea chini. Ukichongoa vidole, shavu la mguu linafupishwa, na linakanyaga likiwa hivyo mara elfu nyingi. Nyonga nazo huanza kuyumba kulia na kushoto, na mguu mmoja, ambao mara nyingi ni mfupi kidogo au ndio unaopendelewa, unabeba zaidi. Nadhani kwako ni wa kulia.

Usidhani ni mambo ya wanaoanza. Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na waliofika mwisho ni 30 tu. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, bingwa wa Olimpiki, aligonga shimo kabla ya Mlima Kigali, siti yake ikasogea, na misuli ya nyuma ya paja ikaanza kumbana. Alibadilisha baiskeli mara mbili, akaishia wa pili nyuma ya Tadej Pogačar. Mtu huyo alikuwa na wapishi, madaktari na mafundi nyuma yake, na hakukosa chumvi. Siti tu ilitoka mahali pake.

Ya kwako ipime hivi. Egemea ukuta ukiwa umekaa kwenye siti, vua viatu vyenye kisigino kirefu, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande mmoja. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Kama kisigino hakifiki, shusha. Baada ya hapo mabadiliko yoyote yawe ya milimita tatu hadi tano, uyaendeshe wiki mbili kwa safari fupi, ndipo uende mbali. Kupandisha siti wiki moja kabla ya kilomita 120 ni kuipa misuli kazi mpya bila kuifundisha.

Gia ndilo jambo jingine. Ukikanyaga gia nzito polepole, kila mkanyago unadai nguvu kubwa kutoka kwenye msuli. Gia nyepesi inahamishia sehemu ya mzigo kwenye moyo na mapafu, ambavyo havibanwi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Ukipata 20 hadi 22 uko kwenye mizunguko 80 hadi 88 kwa dakika, pazuri kwa mtu wa masafa. Upepo ukija usoni, shusha gia uibakize mizunguko hiyo, spidi iache ianguke. Najua ni vigumu wenzako wakikuacha. Waambie wapokezane mbele kwa zamu fupi, au watafute siku nyingine ya kufukuzana.

Morogoro ni karibu kilomita 190, na unaanzia usawa wa bahari kumalizia kama mita 500 juu. Si mlima wa kutisha, ila baada ya Mlandizi barabara inapanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kupumzika, na malori hayakuachii bega la barabara. Miguu iliyogoma kilomita ya 100 haitafika kwa sababu ya chumvi. Itafika ikizoeshwa. Una wiki kadhaa: ongeza safari yako ndefu kwa kilomita 10 hadi 15 kila wiki, kila wiki ya nne punguza upumzike, na ufikie 150 angalau mara moja, wiki tatu hivi kabla ya kwenda. Kwenye safari hizo, nusu saa ya mwisho ikaze kidogo, wakati miguu tayari imechoka. Watu hufanya kinyume, wanakaza mwanzoni wakiwa wabichi, halafu wanashangaa kwa nini msuli haujui kufanya kazi ukiwa umechoka.

Mara mbili kwa wiki panda ngazi ya nyumbani kwa ncha za nyayo, inua visigino juu kisha uvishushe taratibu mpaka vipite chini ya ngazi, mara 12 hadi 15, raundi tatu. Ikizoeleka, fanya kwa mguu mmoja. Kwa nyuma ya paja, lala chali magoti yamekunjwa, inua nyonga, shusha polepole. Siku yenyewe ondoka alfajiri, saa kumi na moja na nusu mwanga ukianza, taa ziwe zinawaka, na mpaka Chalinze uende kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukianza kujibu watu kwa neno mojamoja, umezidisha.

Ikitokea umebanwa, acha kukanyaga, toka barabarani kabisa, ndipo ushughulikie mguu. Dalili ya kwanza huwa ni msuli kurukaruka chini ya ngozi. Ukiihisi, shusha gia na kisigino papo hapo, mara nyingi inatosha. Shavu likikaza, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea kwako, ushikilie nusu dakika au zaidi, bila kurusharusha. Nyuma ya paja, weka kisigino juu ya jiwe au kingo, goti limenyooka, uinamie mbele. Mbele ya paja, vuta kisigino kuelekea makalio. Ukipanda tena, dakika kumi za gia nyepesi kabisa, na ule kitu.

Upo ujanja mmoja wa mdomoni unaonivutia. Mwaka 2010 Kevin Miller wa Marekani na wenzake waliwasababishia watu kubanwa kidole gumba cha mguu kwa umeme, wakawapa maji au maji ya matango yaliyochachushwa kwa siki na chumvi. Waliokunywa ya siki walilegea karibu sekunde 50 mapema, muda ambao hautoshi kitu chochote kufika kwenye damu. Inaelekea ule ukali ukigusa koo unatuma taarifa ya kutuliza neva. Kama una achari ya ndimu nyumbani na tumbo lako halina vidonda, beba kipande ujaribu. Usitegemee kikuvushe safari nzima.

Kwinini, hapana. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuangusha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeshaonya isitumike kwa kubanwa na misuli. Magnesiamu haina sumu hiyo, lakini ilipopimwa kwa watu wazima wanaobanwa haikuonyesha faida ya maana. Pesa hiyo nunua tende.

Na sasa kidonge cha presha, ulichokitaja mwisho kana kwamba hakihusu. Baadhi ya dawa za presha ni za kukojosha, na hizo hupunguza sodiamu na potasiamu mwilini na zinaweza kuchangia misuli kukaza. Nyingine hufanya kinyume, zinabakiza potasiamu, na kwa mtu wa namna hiyo dafu kila siku si mchezo. Ndiyo maana sikukwambia uongeze chumvi moja kwa moja. Usiache dawa na usipunguze dozi kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari aliyekuandikia, mweleze unaendesha saa tano kwenye jua, omba kipimo cha figo na madini ya damu, na umuulize kuhusu kile kinywaji chenye chumvi. Na kama una tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya safari ndefu, acha leo. Pamoja na dawa ya presha na upungufu wa maji, figo zinaumia.

Usisubiri miadi ukiona mkojo una rangi ya chai baada ya safari, shavu moja la mguu limevimba na lina joto siku nzima, au unabanwa hata ukiwa umekaa. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, nitumie jina lililoandikwa kwenye pakiti ya hicho kidonge na majibu ya kipimo, tupange kinywaji chako cha Morogoro.